Jina Atakalolitaja Isimbi

...basi tuko watano, na nitawataja mmoja mmoja kwa majina yao, kwa sababu mtu akitajwa nusu ni kama hakuwepo, Isimbi Aimée, mjukuu wangu, amekaa kwenye meza ya kulia mbele ya kompyuta iliyofungwa, mikono juu ya kifuniko kama shahidi anayeapa, Mukeshimana Gaudence, mama yake, mke wa mwanangu, yuko kwenye mlango wa uani anamenya ndizi za kupika, Zulaikha binti Karim, jirani, fundi cherehani, amepiga magoti nyuma ya Isimbi, pini mdomoni, anabana koti ambalo kesho litaonekana nusu ya juu tu kwa kuwa usaili wenyewe ni wa kwenye kioo cha kompyuta, wa nne ni mimi, Nshimiyimana Valens, niko kwenye kigoda karibu na dirisha, na wa tano ni Rutayisire Wenceslas, yuko kwenye kiti changu. Nyirabagenzi Félicité, mke wangu, hayupo. Kiti changu chenye mikono ya mbao nyekundu, nilichokileta kutoka Bukavu juu ya lori mwaka tuliporudi Rwanda, nikakipandisha mlima huu wa Kamembe mgongoni, na leo asubuhi alipoingia hakuuliza, alisema tu, "Vale, leo miye njo shefu, shefu haikalake ku kigoda," na wote wakacheka, na mimi nikainuka. Niliinuka mwenyewe, hilo lazima nilikubali, hakunisukuma mtu. Na sasa anazungusha kiganja chake juu ya mkono wa kiti, pale ambapo kiganja changu kimeing'arisha mbao kwa miaka yote hii, na ananing'arishia zaidi bila kuombwa... "Tuanze," anasema, na sauti yake inajaza chumba hadi kwenye kabati la vyombo, ilikuwa hivyo hivyo shuleni, kwa Mafrere, watawa waliotufundisha, Bukavu, kila mwisho wa mwezi majina yalisomwa kwa mpangilio, wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kwenye imla wa kwanza nilikuwa mimi, daima mimi, Nshimiyimana Valens, makosa sifuri, na yeye alikuwa wa kumi na ngapi huko, lakini siku ya kuchagua kiranja Frere Mkuu hakutazama daftari la imla, alisikiliza nani akisema "nyamazeni" darasa linanyamaza. Mimi nilisema, sikusikika. Yeye alisema, na hata ndege wa juu ya paa walinyamaza. Zaidi ya miaka sitini na tano imepita na bado najua mahali jua lilipokuwa ubaoni siku ile.

"Karibuni," anasema Wenceslas, amekunja karatasi ya maswali aliyopewa na Isimbi kama mtu anayekunja hotuba asiyoihitaji, "mumetoka mbali? Njia iko je? Na mumekuya kutafuta nini hapa kwetu?" Isimbi anacheka, "Sogokuru, haitakuwa vile, bataniambia kwanza nijieleze," na nasikia neno hilo, Sogokuru, babu, neno ambalo nilidhani ni langu, sasa analigawa kama sahani za wageni... "Njo kujieleza huko," anasema Wenceslas, "muntu anaulizwa kwenye ametoka, yee mwenyewe anaanza kusema." Kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake tangu alipoacha ujenzi, huyu ni mzee wa kusema kwenye posa, hakuna binti anayeposwa kuanzia Nkanka hadi Nyakabuye bila Rutayisire Wenceslas kukaa upande mmoja au mwingine, akiuliza na kukataa, maana kwenye gusaba, sherehe ya kuomba binti, upande wa binti lazima ukatae kwanza, useme binti hayupo, ameshaolewa, hatuna binti kabisa, na wageni lazima wavumilie na wajibu kwa maneno matamu mpaka wapewe. Hata harusi ya mwanangu mwenyewe alisema yeye. Nilikaa kando yake, kofia juu ya magoti, baba wa bwana arusi, na watu walimpongeza yeye kwa mkwe mzuri. "Nimekuya kutafuta kazi ya kuongoza ekipe ya baenjenyeri," anasema Isimbi, amejiweka sawa, "bantu saba, banaandika programu, na miye nikuwe meneja wabo." "Kazi?" Wenceslas anajiegemeza kitini, kiti kinalia, kinalia kwa mlio ninaoujua, "pole sana, mwana wetu, iyo kazi tulishaka ipatia muntu, binti moya wa Huye, mwenye heshima sana," na Isimbi, mtoto aliyelelewa kwenye sherehe hizo, anainamisha kichwa na kujibu upesi, "Tunashukuru, na yule wa Huye ni dada yetu, lakini tunajua muko na kazi mbili, na ya pili iko inanisubiri miye," na Zulaikha anatema pini kiganjani ili aweze kucheka, "Haki ya Mungu, Mzee Wensi, huyu kesho ataposwa badala ya kuajiriwa!" na Mukeshimana mlangoni anacheka pia, kisu kimesimama kwenye ganda, na mimi sicheki. Si kwamba haichekeshi. Inachekesha. Ndiyo maana sicheki.

Mzee Wensi, wanamwita, Papa Wensi, na jina lake ni Wenceslas, lina c katikati na s ya mwisho ambayo inaandikwa hata kama mdomo unaivuta kwa uvivu, nimekaa posta ya Bukavu miaka kumi na tisa nikipanga barua na najua, barua bila jina haifiki, na barua yenye nusu ya jina inafika kwa mtu mwingine. Lakini yeye hajali, akiitwa Wensi anaitika, na mimi ananiita Vale, na kinachonikera ni kwamba ndiye mtu pekee aliyebaki anayeniita kwa jina lolote. Mukeshimana hawezi, kwa desturi yetu mke wa mwana hatamki jina la mkwe wake, miaka thelathini yuko nyumbani mwangu na hajalitamka hata mara moja, hata kwa daktari alipoulizwa jina la mgonjwa alinitazama mpaka nikalisema mwenyewe. Félicité naye aliniita Papa Kamali, kwa jina la mwanetu, vile wake wanavyofanya. Watoto wa mtaani wananiita Mzee. Parokiani ni Mzee Sekretari. Kwa hiyo Nshimiyimana Valens halisi yupo kwenye kitambulisho tu, na mdomoni mwa Rutayisire Wenceslas, aliyekatwa mkia... "Sasa batakuuliza," anasema Wenceslas, amefunua karatasi, anaisogeza mbali na macho, "kama watu bawili mu ekipe banagombana, utafanya je," na Isimbi anaanza kujibu, tungefanya hivi, tungekaa nao, tungewasikiliza, na Wenceslas anapiga mkono wa kiti changu, pa, "Banani? Tunge, tunge, banani hao? Kuko muntu ngapi nyuma yako? Miye naona musichana moya tu na mushonaji." "Usinihesabu kwenye kesi zenu," anasema Zulaikha kwa pini mdomoni. Isimbi anashika paji la uso. Najua anachokumbuka, mwaka jana alisailiwa kwa kazi kama hii hii, akajibu vizuri kila swali, na jibu lao lilikuwa kwamba kazi anaijua lakini hawakumwona, neno lenyewe lilikuwa hilo, hatukukuona, na alilia chumbani mpaka kitambaa cha mto kikabidi kufuliwa, na kesho wakisema tena hatukukuona hatajaribu mara ya tatu, ameniambia, atabaki chini ya watu wengine wanaojiona. Na ni nani aliyemfundisha kutoonekana? Mimi sikusema neno wakati ule. Lakini mtoto huyu alikulia mbele yangu, alitazama mtu anayekaa karibu na dirisha.

Na Jumapili alikuja nilipo, baada ya misa, akasema, "Sogokuru, niko na hitaji ya muntu wa kuniuliza maswali mbele ya entretien, muntu mwenye aliongozaka bantu," na mimi nilikuwa hata nimeshika kifungo cha koti kana kwamba usaili unaanza pale pale, na akamalizia, "Sasa utaniendea kwa Papa Wensi, unisaidie kumuomba?" Nikaenda. Nilipanda mlima hadi kwake, nikagonga, nikamwomba kwa heshima aje kuchukua nafasi ambayo niliitaka. Wanasema mjumbe hauawi, lakini hawasemi kama haumii. Na mimi aliniomba kazi gani? Alinipa karatasi ya maelezo yake, wasifu wa kazi, nihakiki tahajia. Nilikuta kosa moja. Aimée bila alama juu ya e. Nikaweka alama, nikamrudishia, akasema asante Sogokuru, akalibusu shavu langu, na ndiyo hiyo, mchango wangu kwa maisha yake ni kijistari juu ya herufi moja... kwa nini aniombe mimi? Ni nani nimewahi kumwongoza? Wenceslas alikuwa na wanaume arobaini kwenye barabara ya Bweyeye, matope hadi kiunoni, madaraja ya magogo, ukungu wa Nyungwe, na hakupoteza mtu hata mmoja, na kuna kile kisa chake, watu wote wanakijua, cha mfanyakazi aliyegoma pale Nyakabuye na kukaa chini katikati ya barabara, na Wenceslas badala ya kumfukuza akaenda akakaa chini kando yake, kimya, mpaka jioni, na kesho yake yule akawa wa kwanza kushika koleo. Kisa kizuri. Amemsimulia Isimbi juzi, niliwasikia uani. Mimi nina nini? Mkuu wa posta alipougua nilishika funguo majuma mawili, na chini yangu alikuwepo Bisimwa, mfagiaji, ambaye alikuwa anajua kufagia. Nilimwambia, Bisimwa, endelea. Akaendelea.

"Bon," anasema Wenceslas, "hii njo swali kubwa. Muntu gani alikufundisha kuongoza bantu? Utaje muntu, na utuelezee alifanya nini." Na anaiweka karatasi gotini, anakunja mikono, anamtazama Isimbi kwa jicho la kuridhika, jicho la mtu aliyeandaa kiti kwa ajili ya jina lake mwenyewe. Ganda la ndizi linaanguka ndani ya beseni. Chini kule ziwani kuna mashine ya mtumbwi, inakohoa na kukohoa, haiwaki... mtaje, basi, mtaje, najua utamtaja nani, utasema mzee mmoja wa hapa kwetu, aliongoza wanaume arobaini, alikaa chini barabarani, na kesho watu wa Kigali watalisikia jina lake, labda litaandikwa, nao wataliandika vibaya, na yeye hatajali. Au useme lingine. Sema, nilikuwa na babu. Usieleze zaidi. Sema jina tu, Nshimiyimana Valens, yote mawili, kwa sauti, katika chumba hiki, mara moja, mbele yake akiwa kwenye kiti changu, kisha hata kama kazi... hapana. Hapana, kazi lazima aipate, nisiwe mpumbavu wa kiwango hicho. Lakini jina. Mzee wa miaka themanini na kidogo anayeng'ang'ania kutajwa, kama mtoto wa darasa la tatu anayenyoosha kidole mpaka kwapa linauma. Félicité angenicheka. Hapana, Félicité hakunicheka kamwe, hilo ndilo jambo, Félicité alicheka na Wenceslas. Alikuja jioni, anasimama pale mlangoni bila kuingia, anasema neno moja, na mke wangu anashika tumbo, anasema, "Papa Wensi, uniache, nitaunguza mboga," na mimi nilikuwepo, mezani, nikisubiri kicheko kiishe ili niulize chumvi iko wapi. Hakuna ubaya uliokuwepo, naapa hakuna, nilimjua mke wangu na hata yeye Wenceslas namjua, lakini kulikuwa na kicheko, na hakikuwa changu. Na hata mwisho alikichukua. Siku ya kumaliza kilio, kwa kuwa mwenye msiba hasemi, anasemewa, alisimama uani kwetu mbele ya watu wote na alisema kwa niaba yangu, kwa sauti ile ile, kwamba mama yetu ametangulia, amepumzika, Mungu aliita naye akaitika kama alivyoitika daima, amevuka ziwa mapema kabla upepo haujaamka, na watu walilia vizuri, walilia kwa raha, na walinishika mkono wakiniambia, Mzee, umesema vizuri. Mimi. Nimesema vizuri. Na tangu siku hiyo nyumba hii inasema kwa maneno yake, tangu Maman aondoke, siku ile Nyogokuru aliposafiri, na neno lenyewe hakuna aliyelitamka, mimi wala mwingine, liko kama samani iliyofunikwa shuka ambayo sote tunaizunguka...

"Ni Nyogokuru," anasema Isimbi. Nani? "Ni bibi yangu. Nyirabagenzi Félicité." Naona mikono ya Wenceslas ikifunguka. Haraka sana, mtu mwingine asingeona, lakini nimemtazama mtu huyu kwa wivu tangu utotoni na hakuna anayemjua mtu kama mwenye wivu naye, naona kidevu kikishuka kidogo, naona kiganja kikitafuta mkono wa kiti na kuushika, na nafahamu, ee, naye pia alikuwa amenyoosha kidole. Nilitarajia kufurahi. Sifurahi. "Endelea," anasema, na sauti ni ndogo kuliko chumba. "Alikuwa anaanika samaki za sambaza kule Nkanka," anasema Isimbi, na hazungumzi tena na Wenceslas, anazungumza na kifuniko cha kompyuta, "na banamuke sita, miye nilikuwa mutoto, nilikuwa nafukuza ndege. Siku moya mvua ilitoka Ijwi, ikapiga sambaza zote juu ya vyandarua, kila kitu kikaoza, kazi ya juma nzima. Na mwenye alikuwa wa kuangalia wingu alikuwa Uwimbabazi, na kila muntu alikuwa anamuangalia yee. Nyogokuru hakumugombeza. Alipindua mabeseni chini, akawaikalisha juu, akauliza kila moya, weye uliona nini, siyo nani alikosa, uliona nini tu. Na moya akasema, niliona wingu, nikafikiri Uwimbabazi ameliona. Na mwingine akasema, miye pia niliona, nikafikiri yule ameisha sema. Kumbe bote baliliona. Uwimbabazi pia aliliona. Hakuna mwenye alisema. Akamupatia Uwimbabazi sahani ya chuma na nyundo. Akamuambia, kuanzia leo weye njo kengele yetu, ukiona, upige, hata kama wingu ni la bure, hakuna mwenye atakucheka. Na hakuna sambaza ziliozaka tena." Mimi kisa hiki sikijui. Nilikuwa wapi? Nilikuwa parokiani nikiandika vyeti vya ubatizo, nilikuwa hapa mezani nikisubiri chumvi, alirudi kutoka Nkanka jioni hiyo na nguo zenye harufu ya mvua na samaki na hakunisimulia, au alisimulia na mimi nilisikia samaki tu, na sasa wivu wangu unageuka, unamwacha yule aliye kitini na unakwenda kwake, kwa yule ambaye hayupo, nina wivu na mke wangu, ona jinsi nilivyo, nina wivu na mtu asiyeweza hata kunijibu, alikaa na mtoto huyu kwenye mchanga wa Nkanka na kumpa kitu kikubwa namna hii, na mimi nilimpa kijistari juu ya herufi...

"Kwetu kazini mwezi wa tatu programu ilianguka," anasema Isimbi, "ile ya kuonyesha dawa zenye ziko mu vituo vya afya, banurse bakaamka, kioo cheupe, hawaone kitu. Na mwenye aliweka mabadiliko bila kuyajaribu alikuwa Muhire, kijana yetu mupya, na bote balikuwa banamuangalia. Tukawaikalisha." Anajikatiza, anajirekebisha mwenyewe, kabla Wenceslas hajapiga mkono wa kiti, "Miye niliwaikalisha. Miye nilimuuliza kila moya, uliona nini. Bane bao baliona onyo usiku, kila moya akafikiri mwenzake ameliona. Donc Muhire njo nilimupatia kengele. Akiona kitu, anasimamisha kila kitu, na hakuna mwenye atamuuliza kwa nini." "Wallahi nakuajiri mimi," anasema Zulaikha taratibu, na hana mzaha. "Kisa hicho ninakijua," anasema Wenceslas, "Félicité alituelezaka, kule kwangu, muke wangu alicheka na hadithi ya nyundo mpaka..." na anaacha, lakini amekwisha kusema, alikijua, hata hiki alikijua yeye, nyumbani kwake, mke wangu aliketi kwenye kiti chake na kukisimulia, na mimi kigoda hiki kinanichoma, natazama dirishani, natazama Bukavu ng'ambo, mabati yanang'aa, sioni kitu. "Ni vizuri sana," anasema, anarudi kwenye ushefu wake, "ila unaweka urefu. Banamuke sita, sawa, inatosha." "Haitoshi," anasema Isimbi. "Kesho nitawataja. Uwimbabazi Spéciose, Nyirahabimana Agnès, Gasaro Thérèse, Nyiransengiyumva Josépha..." "Mwana wangu, bantu ba Kigali hawana kazi na majina ya banamuke ba sambaza!" "Njo wafanyakazi bake, Sogokuru. Muntu ukimuongoza bila jina, haifiki kwake." Haifiki. Amesema haifiki. Hajanitazama, hata hajui alichosema, anaendelea, Mukakarangwa Bernadette, Furaha Espérance, majina mawili mawili, bila kukosea, na namwona mtoto mwenye magoti ya vumbi anaingia kwa mbio mlango huu huu, Sogokuru, yule mama wa samaki amekusalimu, na mimi nimevaa miwani, sikuinua kichwa, nikamwambia, yule mama hana jina? Rudi ukaulize. Barua bila jina haifiki. Akatoka mbio hadi barabarani kumkimbilia, akarudi anahema, akalipiga jina lile mezani kama samaki mbichi, Uwimbabazi Spéciose! Na kesho yake mwingine. Na mwingine. Ulikuwa mchezo, nilidhani ni mchezo wake, nilidhani mimi nasoma gazeti. Alikusanya yote. Anayo yote, hata ya Muhire na wenzake atakuwa nayo hivyo hivyo, na kesho hatalitaja langu, sasa najua hatalitaja, na limo humo ndani ya yote kama chumvi ambayo nilikuwa nauliza iko wapi...

"Tumalize," anasema Wenceslas, ameshika karatasi tena, karibu na uso safari hii, anasoma mstari unaofuata kwa kuwa ni mstari unaofuata, "huyo muntu umemutaja, jina lake kamili, na tunaweza kumupata wapi, ili tumuulize kama ni kweli." Anasoma mpaka mwisho kabla ya kusikia alichosoma. Isimbi amefungua mdomo. "Nyirabagenzi Félicité," anasema, na hapo sauti inaisha, anaitafuta, anatazama mama yake na mama yake anatazama beseni, Zulaikha ameshika pini hewani, pini moja, na Wenceslas anaona alichofanya, anaegemea mbele, tayari mkono wake unapanda kwa ule mwendo wa uani, tayari sauti inajaa, "Mwana wangu, kesho utawaambia hivi, kama mama yetu yee alitangulia, alivuka..." na naona atalifunika tena lile neno, kwa uzuri, shuka jingine juu ya shuka, naye pia analifunika kwa sababu anaumia, naona sasa, mzee mwenzangu, na sitaki tena kiti hicho, akae nacho, lakini mtoto huyu kesho ataulizwa na watu wasiojua ziwa letu wala upepo wake, ataulizwa yuko wapi, na hatakuwa na neno, kwa kuwa nyumbani kwake hakuna aliyeipiga kengele, wingu wote tuliliona, kila mmoja alidhani mwenzake amesema, na mimi niko karibu na dirisha, ninayeona wingu kabla ya wote. Mashine ya mtumbwi bado inakohoa. Ndizi tatu hazijamenywa. Sijasema neno tangu asubuhi, na ninaposema sauti ni ile ile ya darasani, ndogo, isiyonyamazisha ndege, lakini wanageuka, wote wanne wanageuka, na nasema, "Wenceslas, acha. Isimbi, utawaambia hivi. Nyirabagenzi Félicité alikufa mwezi wa pili."